Vijiji vya Kilosa vilitangulia kuahidi

Desemba 2015, kwenye mkutano wa tabianchi wa Paris, kampuni ya Philips ya Uholanzi, mtengenezaji wa siku nyingi wa mashine za eksirei na skani, iliahidi kwamba ifikapo 2020 shughuli zake zenyewe hazitaongeza hewa ukaa angani. Mwaka ulipofika ikatangaza kuwa imetimiza: umeme wake unatoka vyanzo jadidifu, na kiasi kilichobaki imekifidia kwa kulipia miradi ya kupunguza hewa ukaa kwingineko. Siemens Healthineers ya Ujerumani na GE HealthCare ya Marekani nazo zina malengo yao, yanayofika hadi 2050.

Ni ahadi za maana. Lakini wilayani Kilosa, Tanzania, ahadi ya namna hiyo ilikuwa imetolewa miaka kadhaa kabla, tena na wakulima wa mahindi na ufuta, katika mikutano mikuu ya vijiji.

Ukanda unaotoka Mikumi kwenda mji wa Kilosa, kupitia kata ya Ulaya na kata jirani ya Zombo, ni nchi ya miombo. Ni miti inayotoa mkaa mzuri, na Dar es Salaam inapikia mkaa. Pamoja na mashamba mapya yanayofyekwa kila msimu, misitu ya vijiji imekuwa ikipungua. Sheria ya Misitu ya 2002 iliwapa wanakijiji uwezo wa kutenga msitu wao na kubaki na mapato yake, ila uwezo wa kisheria peke yake haulipi ada ya shule.

Aprili 2008 Norway iliahidi kuipa Tanzania kroni milioni 500 kwa miaka mitano kwa ajili ya tabianchi na misitu. Ndipo ikaja MKUHUMI, mpango wa kulipa jamii zinazopunguza hewa ukaa kwa kuzuia ukataji na uharibifu wa misitu. Kuanzia 2009, shirika la uhifadhi la TFCG pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, waliendesha mradi wa majaribio Kilosa na Lindi. Katika vijiji kama Dodoma Isanga, Chabima na Kisongwe watu walipima mipaka, wakapanga matumizi bora ya ardhi, wakatunga sheria ndogo zenye faini, wakachagua kamati za doria. Aliyekuwa akilima pembeni mwa msitu alianza kubanwa siku hiyo hiyo. Hakupewa muda hadi 2050.

Kisha yakafanyika malipo ya majaribio, na hapa ndipo pananigusa zaidi. Fedha hazikuishia kwenye akaunti ya kijiji. Mkutano mkuu uliamua kiasi gani kiende kwenye maendeleo ya wote, na kilichobaki kikagawiwa mtu mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, hadharani. Watoto nao walihesabiwa, mama akiwapokelea. Kwa kijiji kilichozoea kusikia habari za fedha za msitu kutoka kwa viongozi tu, hilo lilikuwa jambo kubwa, na sijaona sababu ya kutolifanya kila mahali.

Tatizo ni kwamba malipo yale yalitoka mfuko wa mradi, si kwa wanunuzi wa hewa ukaa. Mkutano wa Copenhagen wa 2009 ulishindwa kuzaa mkataba wenye nguvu, bei ya hewa ukaa duniani ikaporomoka, na mradi ulipofika mwisho 2014, soko lililotarajiwa kushika nafasi ya Norway halikuwapo. Vijiji vilishatimiza sehemu yao.

Kilichoiokoa misitu mingi ni mkaa wenyewe. Kuanzia 2012, kwa fedha za Uswisi, vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe vilianza kuvuna miombo kwa mpango: vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyokatwa kimoja na kurukwa kingine kama bao la drafti, visiki vikiachwa vichipue, na kitalu kisiguswe tena hadi miaka 24 ipite. Ada ya mkaa huo ilibaki kijijini ikajenga madarasa na huduma za afya. Kanuni za 2019 zilipoongeza ngazi za vibali juu ya vijiji, biashara hiyo ikayumba.

Sasa soko la hewa ukaa limerudi. Tanzania ina kanuni za biashara hiyo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia hewa ukaa kipo Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine. Kwa hiyo ni vyema kuzisoma ahadi za kampuni kwa makini. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya mashine za tiba haitoki kiwandani. Inatokana na umeme zinaotumia hospitalini miaka yote ya kazi. Mashine ya MRI hupoza sumaku yake usiku na mchana, hata pasipo mgonjwa. Hesabu ya "shughuli zetu zenyewe" haiugusi umeme huo, ingawa kampuni hizi zimeanza kuuwekea malengo.

Vijiji vya Kilosa vilipimwa kwa kipimo kikali zaidi: vilitakiwa kutoa hesabu hata ya miti ambayo ingekatwa nje ya mipaka yao, na watu waliozuiwa ndani. Kampuni ya mashine ikija kutafuta fidia kwenye miombo ya Zombo au Ulaya, mkutano mkuu una haki ya kuiuliza kwanza mashine zake zinakula umeme kiasi gani huko zilikouzwa, na kutaka jibu liandikwe ndani ya mkataba, kando ya bei.