Ugumu ni nini? Kuanzia kioo cha simu yako, maji ya kisima hadi mtu mwenye roho ngumu

Neno ni moja tu, "gumu", lakini fundi, mama anayefua na mchungaji kanisani kila mmoja analitumia kivyake. Tuanze na hicho ulichoshika mkononi.

Kwa wataalamu wa madini, ugumu ni uwezo wa kitu kukataa kukwaruzwa. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi kwa kuyakwaruzanisha. Talki, ambayo ni laini kabisa, akaipa 1, na almasi akaipa 10. Kucha yako iko kama 2.5, kioo kiko kati ya 5 na 6, yakuti 9. Hatua hazilingani, maana almasi imeiacha yakuti mbali sana.

Sasa simu. Watu wanaogopa funguo mfukoni, kumbe funguo nyingi ni za shaba na ni laini kuliko kioo. Adui ni mchanga. Punje za mchanga mara nyingi ni kwatsi, ugumu 7, na ndizo zinazochora kioo ukikifutia shati lenye vumbi. Pulizia kwanza, ndiyo ufute.

Tanzanite ya Mirerani nayo ni 6 hadi 7 tu, kwa hiyo vumbi la kawaida linaweza kuikwaruza. Hereni inaivumilia kuliko pete ya kuvaa kila siku.

Halafu usichanganye ugumu na uimara. Almasi haikwaruziki kirahisi, lakini ipige nyundo, itapasuka. Wahunzi wanalijua hili zamani: panga likitolewa motoni na kuzamishwa majini linakuwa gumu mno na linaweza kukatika, ndiyo maana hulipasha tena kidogo ili lilegee.

Kwenye maji habari ni nyingine kabisa. Maji magumu ni yale yaliyoyeyusha kalisiamu na magnesiamu kwa wingi yakipita kwenye miamba, hasa ya chokaa. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu, ndiyo maana utasikia watu wakisema "maji haya yanakataa sabuni". Wengi huyaita maji ya chumvi, ila si lazima yawe na ladha ya chumvi. Kwa vipimo vinavyotumika sana, maji yenye chini ya miligramu 60 kwa lita ni laini, na yakizidi 180 ni magumu sana.

Unaweza kupima nyumbani. Chukua chupa mbili, moja ya maji ya mvua, nyingine ya kisima. Tia vipande sawa vya sabuni ya mche, tikisa. Isiyotoa povu, yenye utando wa kijivu juu, ndiyo ngumu.

Kuchemsha huondoa sehemu ya ugumu, na yale magamba meupe ndani ya birika ndiyo ushahidi. Magadi huondoa zaidi. Bibi anayetia magadi kwenye maharage yasiyoiva anafanya kemia hiyo hiyo, kwa sababu kalisiamu hukaza maganda na maharage yakala mkaa wote.

Je, yana madhara? Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji ya kunywa. Meno ya kahawia yanayoonekana sehemu za Arusha na Kilimanjaro yanatokana na floridi, si ugumu, na floridi haiondoki kwa kuchemsha. Hapo ndipo watu wanapojidanganya.

Kwa binadamu, neno hili linasifu na kutukana. Beki mgumu ni sifa. "Yule mgumu" kwenye michango ya harusi, maana yake hatoi hela. Moyo mgumu ni wa Farao katika Biblia, na Kurani, Sura ya Al-Baqara, inaifananisha mioyo ya namna hiyo na mawe. Lakini kukaza moyo msibani ni jambo la kupongezwa.

Linaloumiza zaidi ni "kichwa kigumu", hasa akiambiwa mtoto. Kabla hujamwita hivyo, mpeleke akapimwe macho na masikio. Asiyeona ubao vizuri anafanana sana na asiyeelewa.