Umaskini na afya ya akili

Uhusiano wa umaskini na afya ya akili huchunguzwa na wataalamu wa saikolojia, tiba na uchumi. Katika nchi nyingi watu wenye kipato kidogo hupatwa zaidi na sonona na wasiwasi kuliko wenye nacho. Swali gumu ni lipi huanza. Mgonjwa wa sonona hushindwa kufanya kazi na matibabu humaliza akiba yake. Kwa hiyo ugonjwa nao hufukarisha. Ili kujua kama dhiki yenyewe huumiza akili, hutafutwa watu ambao hali yao ilibadilika bila wao kusababisha.

Kipato

Mfano maarufu unatoka North Carolina, Marekani. Mwaka 1993 watafiti wakiongozwa na E. Jane Costello walianza kufuatilia watoto 1,420, takriban robo yao wakiwa Waindio, hasa Wacherokee. Mwaka 1997, utafiti ukiwa unaendelea, Wacherokee walifungua kasino katika eneo lao, na sehemu ya faida ikawa inagawiwa kila mwanajamii mara mbili kwa mwaka. Mzima na mgonjwa walipata sawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Watoto ambao familia zao zilitoka katika umaskini walipungukiwa na matatizo ya mwenendo, kama vile ukaidi na ugomvi, hadi wakalingana na wale ambao hawakuwahi kuwa maskini. Sonona na wasiwasi havikupungua vivyo hivyo. Sababu kubwa iliyoonekana ni ya kawaida kabisa: wazazi waliweza kuwaangalia watoto wao vizuri zaidi.

Nchini Kenya, kaya maskini za Rarieda, kaunti ya Siaya, zilipewa fedha na shirika la GiveDirectly bila masharti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta waliopokea wakiridhika zaidi na maisha na kulemewa kidogo na mawazo.

Makazi

Mazingira huathiri akili hata kipato kisipobadilika. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila, Mexico, lilianzisha mpango wa Piso Firme wa kuweka sakafu ya saruji katika nyumba zenye sakafu ya udongo. Familia za mji wa Torreón zililinganishwa na za miji jirani, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, ambako mpango haukuwapo. Watoto walipungukiwa na minyoo, kuhara na upungufu wa damu, jambo lililotarajiwa. Lakini akina mama nao walionyesha dalili chache za sonona na msongo wa mawazo, ingawa kipato cha nyumba hakikuongezeka. Anayejua kazi ya kulea mtoto anayetambaa juu ya vumbi hatashangaa.

Kubadili mtaa mzima kuna matokeo magumu zaidi kueleza. Kuanzia mwaka 1994, familia za mitaa maskini ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York zilipigiwa kura, na zilizoshinda zikasaidiwa kulipa kodi katika mitaa yenye nafuu. Miaka mingi baadaye kipato chao kilikuwa kilekile, lakini afya ya akili ya watu wazima, hasa wanawake, ilikuwa bora. Wasichana walipungukiwa na sonona. Kwa wavulana ilikuwa kinyume: sonona na matatizo ya mwenendo viliongezeka, na maelezo yanayotolewa, kama vile kutengwa na marafiki na ndugu wa kiume waliobaki nyuma, hayajakubaliwa na wote.