Ng'ambo Ilipopanda Ngazi

Mtu akitoka soko la Darajani akaupa mgongo Mji Mkongwe wa Unguja, hatembei sana kabla hajayaona: majengo ya saruji yaliyopangwa kando ya njia mbili pana zinazokatana, mengine yakienda urefu wa mita 300 hivi bila kukatika. Wenyeji huyaita treni. Serikali iliyaita nyumba za maendeleo. Vitabu vingi vya watalii havina habari nayo, na vichache vinavyoyagusa huyalaumu kwa ubaya wa sura, kisha humrudisha msomaji haraka kwenye milango ya kuchonga. Hiyo ni hukumu ya mtu aliyesimama barabarani. Historia ya Michenzani iko juu, nyuma ya mapazia, nayo ilianza kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Hapo zamani Michenzani ulikuwa mtaa wa nyumba za chini kama mitaa mingine ya Ng'ambo, upande wa pili wa kijito kilichoutenga mji wa mawe mpaka kilipofukiwa katika karne ya 20. Nyumba ya mtu wa kawaida ilisimamishwa kwa fito, ikakandikwa udongo, ikapakwa chokaa mwenye nyumba akijaliwa, na juu ikaezekwa makuti, baadaye mabati. Mbele palikuwa na baraza. Ndani palikuwa na ukumbi na vyumba kila upande. Nyuma palikuwa na uani, na uani ndipo nyumba ilipoishi hasa: ndipo palipopikwa, palipofuliwa, palipokunwa nazi, na ndipo wanawake wa nyumba tatu nne walipokutana bila kujifunika na bila haraka. Mgeni mwanamume alikomea barazani. Kila mtu alijua mpaka wake, wala hapakuhitajika kibao cha kumwonyesha.

Lakini aliyejenga nyumba mara nyingi hakuwa mwenye kiwanja. Sehemu kubwa ya ardhi ya Ng'ambo ilikuwa ya matajiri wachache wa Kiarabu na Kihindi, nyingine ilikuwa wakfu, na mwenye kibanda alilipia mahali kibanda chake kiliposimama. Katika miaka ya 1920 wenye ardhi walipandisha kodi. Watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa, na mgomo ulipofika kilele chake mwaka 1928, serikali ya kikoloni ililazimika kutunga sheria ya kuwawekea mipaka wenye viwanja. Aliyeshindwa kodi kabla ya hapo alikuwa na mali moja tu ya kuondoka nayo, yaani nyumba yenyewe ikiwa vipande: mlango, boriti, fremu za madirisha, fito zilizobaki nzima. Kuhama kulikuwa kubomoa kwanza. Ni vigumu kuelewa uzito wa maneno "nyumba bure" katika masikio ya wazee wa Unguja bila kuukumbuka mgomo huo.

Waingereza walikuwa na ramani zao. Mpangamiji H. V. Lanchester aliandika mpango wa mji wa Zanzibar mwaka 1923, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mradi wa maendeleo uliouachia Ng'ambo jumba la jumuiya la Raha Leo. Wengi waliokuwa kwenye fito na udongo walibaki hivyo hivyo.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaligeuza mambo. Raha Leo ikawa makao ya wanamapinduzi, ardhi ikataifishwa, na serikali changa ikaitambua Ujerumani Mashariki, ya kwanza kufanya hivyo barani Afrika. Wakati ule Ujerumani Magharibi ilikuwa ikizishinikiza nchi zisiitambue ndugu yake, kwa hiyo kutambuliwa na visiwa hivi vidogo kulikuwa na thamani kubwa mjini Berlin. Malipo yalikuja kwa saruji, mashine na mafundi. Maghorofa ya kwanza yaliinuka Kikwajuni, na Kilimani yakafuata. Watu walikwenda kuyatazama: mfereji ndani ya nyumba, choo cha kuvuta maji, taa inayowaka kwa kubonyeza swichi ukutani.

Abeid Amani Karume, rais wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, aliyapenda majengo hayo kwa moyo wote, na hakutaka yabaki mapambo ya mtaa mmoja. Mpango wa mji uliochorwa mwaka 1968 na Mjerumani Hubert Scholz ulimpa msingi, naye akaukuza. Ng'ambo yote ibomolewe hatua kwa hatua, na mahali pake pasimame maghorofa yenye fleti karibu 7,000. Michenzani ndiyo ingekuwa kitovu, palipo na mzunguko wa barabara ambapo njia kuu zinakutana. Mistari ikapigwa juu ya ramani kwa rula, ikapita katikati ya vyumba vya watu, barazani kwao na chini ya miembe yao.

Kazi ilifanywa kwa mikono mingi. Mafundi walilipwa, lakini maelfu walikuja kujitolea: vijana wa Chama cha Afro-Shirazi, wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi wa skuli, wanawake wenye makarai ya zege kichwani. Wengine walikuja kwa mapenzi, wengine kwa sababu kutoonekana kungeulizwa. Ingekuwa dhulma kuandika nusu moja tu ya habari hiyo, kwa kuwa Unguja hadi leo kuna watu wazima wanaoonyesha kwa kidole ukuta wa ghorofa fulani na kusema kwa fahari kwamba matofali yale waliyabeba wao.

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, ujenzi ukiwa unaendelea. Aboud Jumbe aliyemrithi akausukuma mpaka miaka ya mwisho ya 1970, kisha fedha na saruji vikaisha. Badala ya fleti 7,000, Michenzani ilipata treni kumi na fleti zipatazo 1,100. Maghorofa mengine yalijengwa mbali na mji, Makunduchi na Bambi, na Pemba yakainuka Wete, Chake Chake na Mkoani, ambako mpaka leo yanasimama peke yake juu ya vilima vya mikarafuu.

Aliyebomolewa aliahidiwa fleti bila kodi. Wengi walizipata. Wengine walisubiri kwa jamaa miaka nenda miaka rudi, na wengine walipewa ghorofa huku ndugu waliokuwa wakiishi nao uani mmoja wamepelekwa kwingine. Nyumba ya udongo ilikuwa inakua pamoja na ukoo: kijana akioa, chumba kinaongezwa kwa nyuma. Fleti haiongezwi. Ilichorwa kwa ajili ya baba, mama na watoto wachache, na waliohamia walikuwa na bibi, shangazi, mtoto wa kaka aliyekuja kusoma mjini, na kuku.

Siku ya kuhamia ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza udi ulifukizwa vyumba vyote, dua ikasomwa, ndipo mizigo ikapanda: masanduku, kitanda cha kamba, godoro la sufi lililokunjwa na kufungwa kamba, mikeka, kinu na mchi wake. Kinu ndicho kilichozua maneno. Kwenye nyumba ya chini mchi ulipiga ardhi na ardhi ikameza kishindo. Ghorofa ya tatu kila pigo liliteremka moja kwa moja juu ya kichwa cha jirani, na majirani walilazimika kupatana saa za kutwanga, jambo ambalo hakuna mhandisi aliyelifikiria.

Kisha zikaja kuta. Ukuta wa udongo ulikuwa rahisi: msumari uliingia kwa kupigwa jiwe, na ukilegea, tundu lilizibwa kwa donge la udongo nao ukahamia pembeni. Ukuta wa saruji uliupinda msumari. Picha ya marehemu baba, saa ya ukutani, kalenda na kisahani chenye aya ya Kurani vilikaa sakafuni siku kadhaa vikisubiri mtu mwenye misumari ya chuma. Vilipopanda vilipangwa kwa mazoea ya zamani. Katika nyumba kubwa za mawe za mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja, ukuta wa ndani ulikuwa na vidaka vya chokaa vya kuwekea sahani na mabakuli ya kigeni, na wageni walipima heshima ya nyumba kwa ukuta huo. Ng'ambo hapakuwa na vidaka, lakini hamu ilikuwa ile ile. Kwenye fleti ilipata kabati la vioo: vikombe visivyonywewa, birika la maua, glasi za harusini, na juu yake vitambaa vya kufuma vilivyofuliwa na kutiwa wanga mpaka vikasimama.

Miaka ya mwanzo hapakuwa na mengi ya kuweka. Bidhaa kutoka nje zilikuwa adimu Zanzibar, hata mchele na sukari vilipangiwa foleni, na sebule nyingi zilikuwa na mkeka, redio na viti viwili vitatu vya mbao. Mabadiliko yalikuja katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa na wafanyabiashara wakaanza kwenda Dubai na kurudi. Mazulia yenye picha za msikiti yakaingia, mapazia mazito ya vitambaa vya kung'aa, makochi mapana, televisheni. Vitu vilivyotumika vilikuja kwa makontena na kununuliwa kwa bei ya kupatana. Tatizo likawa ngazi. Kochi la watu watatu halikukata kona, na wapo waliolipandisha kwa kamba kupitia roshani, vijana wakivuta juu na mtaa mzima chini ukitoa amri.

Pazia linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Mlango wa fleti ukifunguliwa, mgeni anaiona sebule yote kwa mara moja, na kwa watu waliolelewa kwenye baraza, ukumbi na uani, huko kulikuwa sawa na kukaa njiani. Basi pazia likatundikwa nyuma ya mlango, jingine likakata sebule, jingine likafunika njia ya vyumbani. Aliye na nguo ya maana aliitumia hapo kabla ya dirisha. Kwa kamba na vitambaa, kina mama waliirudisha ndani ya fleti ramani ya nyumba ya Ng'ambo, na mgeni akabisha hodi mara mbili: mlangoni, kisha paziani. Kama kuna usanifu wa Michenzani unaostahili jina hilo, ni huo, na haukutoka Berlin.

Uani ulipanda hadi roshani. Huko ndiko seredani iliwashwa, kwa kuwa mkaa ndani ya jiko dogo ulijaza moshi nyumba nzima. Nguo zilianikwa huko na nazi ikakunwa huko. Kikapu kilishushwa kwa kamba kikiwa na pesa, kikapandishwa na mboga au mkate. Baadaye roshani nyingi zilizibwa kwa matofali au nondo zikawa chumba cha ziada, na ndiyo maana hakuna treni ambayo uso wake unafanana kutoka mwisho hadi mwisho.

Baraza nayo ilishuka chini kabisa. Kwenye miguu ya majengo wanaume walijenga viti vya saruji, wakaleta bao, dhumna na karata, muuza kahawa akajua saa zao. Maduka yakafunguliwa upande wa barabara. Uwanja ulio kati ya treni mbili ukawa mahali pa maturubai ya harusi, na pa mikeka ya msiba, maana khitma ya watu mia haiingii sebuleni. Jeneza huteremshwa kwa ngazi likiwa limeinamishwa, vichwa vinne vikielekezana kona kwa kona, na waliowahi kulibeba wanajua ngazi ipi ni nyembamba kuliko nyingine.

Kilichoyaumiza majengo haya zaidi ni maji. Pampu zilipochoka, mfereji wa ghorofa za juu ulikauka, na ahadi kubwa ya mwaka 1964 ikarudi kuwa ndoo kichwani, safari hii kwenye ngazi. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, hitilafu iliyoukata umeme unaoletwa Unguja kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari iliacha kisiwa gizani, na pampu kimya, kwa miezi mitatu. Wa nyumba za chini walikwenda kisimani. Wa ghorofa za juu walikwenda kisimani kisha wakapanda.

Na pampu ilikuwa ya nani? Fleti ilitolewa bure, kwa hiyo hapakuwa na kodi ya kuitengenezea. Mlango wa ndani ulipakwa rangi kila Ramadhani ikikaribia, na hatua moja nje yake ngazi ya wote ilibaki na taa iliyokufa. Si uvivu wa watu, kwa maana watu hao hao walizifagia baraza zao kila alfajiri. Hapakuwa na chombo cha kushika kazi ya pamoja. Sheria ya kusimamia nyumba zenye wamiliki wengi chini ya paa moja ilipitishwa Zanzibar mwaka 2010, zaidi ya miaka 30 baada ya fleti za mwisho kukabidhiwa.

Miaka ya karibuni Ng'ambo imeanza kutazamwa kama urithi. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo ulikusanya ramani na kumbukumbu za mitaa, na treni za Michenzani zikahesabiwa humo pamoja na misikiti na viwanja vya mpira. Wakati huo huo, huko Kwahani, wakaazi wameziachia nyumba zao za chini ili maghorofa mapya yajengwe. Wachoraji wa sasa wana faida ambayo Scholz hakuwa nayo: mitaa michache tu kutoka hapo wanaishi watu waliohama zamani kwa njia hiyo hiyo, wanaoweza kuwaambia upana wa ngazi unaotosha jeneza, mahali pa kuweka seredani, na nani alipie pampu.