Utafikia kwa Nani? Uchaguzi wa Jiji la Kuhamia Tanzania na Namna Sensa Inavyosomwa Vibaya

Sensa ya 2022 iliwapa wapenzi wa Dodoma silaha nzuri. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728, sawa na ongezeko la asilimia 2.1 kwa mwaka tangu 2012, ilhali taifa zima liliongezeka kwa asilimia 3.2. Katika muda huohuo wakazi wa mji wa Dodoma walipanda kutoka 410,956 hadi 765,179. Haikuchukua muda hoja ikajijenga: Dar es Salaam imechoka, foleni na joto vimewashinda watu, na Mtanzania anayefunga mizigo leo anaelekeza uso kwenye makao makuu. Hoja hiyo ina mvuto. Inaipa serikali sifa ya uamuzi wake wa 2016 wa kuhamisha wizara, na inawapa madalali wa viwanja maneno ya kumwambia mteja. Kwa bahati mbaya, imejengwa juu ya mpaka wa mkoa.

Mkoa wa Pwani, unaoizunguka Dar es Salaam upande wa nchi kavu, ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye walikuwa 2,024,947, yaani kasi ya takriban asilimia 6 kwa mwaka, inayokaribiana sana na ile ya mji wa Dodoma. Kila anayepita Kibaha, Mkuranga au Bagamoyo anaona sababu: nyumba za watu ambao kazi, biashara na hospitali zao ziko Dar es Salaam. Mikoa miwili ikijumlishwa, kasi inakuwa karibu asilimia 3 kwa mwaka, kidogo tu chini ya ile ya taifa. Ni kweli kwamba Pwani ina Mafia na Rufiji pia, ambazo si vitongoji vya jiji lolote, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukisia. Lakini inatosha kuonyesha kwamba jiji halikukimbiwa. Limevuka mpaka. (Kisheria mambo ni ya ajabu zaidi: tangu 2021 hadhi ya Jiji la Dar es Salaam inabebwa na iliyokuwa Manispaa ya Ilala peke yake, hivyo mkazi wa Sinza si mkazi wa jiji.)

Kwa hiyo swali la nani anachagua jiji gani haliwezi kujibiwa kwa kulinganisha jumla za mikoa. Linahitaji kumfuata mhamaji mwenyewe.

Wataalamu wanakubaliana juu ya jambo moja tangu Ravenstein alipoandika mwaka 1885: wengi huhama masafa mafupi, na mara nyingi kwa hatua. Baada ya hapo njia zinaachana. Nadharia mashuhuri ni ile ya Todaro ya 1969, aliyoipanua pamoja na Harris mwaka 1970 kwa kuangalia hali ya Kenya: mtu hupima kipato anachotarajia mjini, akizingatia uwezekano wa kukosa kazi, kisha hulinganisha na anachopata shambani. Ni nadharia maridadi, yenye kasoro moja kubwa kwa mjadala huu. Ndani yake kuna mji mmoja tu. Kijana wa Muleba anayewaza kati ya Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam hana nafasi humo. Nadharia ya Tiebout ya 1956, inayodai kuwa watu huchagua makazi kwa kulinganisha huduma na kodi za mamlaka za mitaa, ina miji mingi, lakini ilibuniwa kwa Marekani na inamdhania mhamaji asiyefungwa na ajira wala na umbali. Kuitumia kueleza safari ya kutoka Karagwe ni kumvalisha mtu koti la baridi Kariakoo.

Ushahidi bora tulio nao unatoka Kagera, mkoa zilimo Muleba, Karagwe na Bukoba. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walihoji kaya 915 za mkoa huo. Badala ya kurudi baadaye na kuhoji yeyote waliyemkuta kijijini, waliwatafuta watu walewale popote walipohamia. Mwaka 2004 walifanikiwa kuzifikia tena asilimia 93 ya kaya za awali, na mwaka 2010 wakarudia. Ufuatiliaji wa namna hii ni nadra, kwa kuwa tafiti nyingi humpoteza mhamaji siku ileile anapopanda basi.

Beegle, De Weerdt na Dercon walitumia takwimu hizo kuwalinganisha waliohama na watu wa kaya zao za awali waliobaki. Ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi kwa pointi 36 za asilimia katika miaka kumi na mitatu kati ya 1991 na 2004. Hadi hapo Harris na Todaro wangetabasamu. Fumbo linaanzia kwenye kazi ya Christiaensen, De Weerdt na Todo ya 2013. Waliokwenda majiji makubwa walipiga hatua kubwa kuliko wengine wote. Hata hivyo, miongoni mwa waliotoka kwenye umaskini ni takriban mmoja kati ya saba aliyepitia jiji kubwa. Karibu nusu walitoka kwa kuhamia miji midogo au kwa kuacha kilimo na kushika kazi nyingine vijijini. Kama jiji linalipa zaidi, kwa nini wengi hawaendi?

Jibu la haraka ni hofu ya kukosa kazi. Halitoshi, maana faida iliyopimwa ni ya wastani na tayari imewajumuisha walioangukia pua. Jibu bora limo katika historia za maisha ya wahamaji 75 kutoka Kagera, zilizochambuliwa na Ingelaere na wenzake mwaka 2018. Wanaeleza kwamba kila mhamaji ana upeo wa sehemu anazoweza kufika kweli, na upeo huo hupanuka au kusinyaa kadiri anavyosogea. Mji mdogo uko karibu, lugha na desturi zake zinafahamika, na mambo yakiharibika nauli ya kurudi nyumbani inapatikana. Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Kampala iko karibu zaidi kuliko makao makuu yoyote ya Tanzania, ya zamani au ya sasa.

Makala hii inakwenda mbele ya hapo. Kinachoamua upeo huo, kuliko umbali na kuliko mshahara, ni mtu wa kumpokea mgeni. Swali la kwanza ambalo mama humuuliza mwanawe anayetaka kuondoka ni utafikia kwa nani, na hilo ndilo swali sahihi la kiuchumi. Mpangaji mpya Dar es Salaam kwa kawaida hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake dalali anataka chake. Asiye na shangazi Mbagala wala kaka Buza anahitaji mtaji kabla hata ya kutafuta kazi. Mwenye shangazi analala sebuleni bure kwa miezi kadhaa, anapelekwa gengeni au kwenye kijiwe cha bodaboda, na anatambulishwa kwa mtu anayemfahamu bosi. Kwa Mhaya wa Muleba, wenyeji wa aina hiyo wamejaa Mwanza kwa sababu meli na biashara ya ziwa ziliwapeleka huko vizazi kadhaa. Wageni wa jana ndio wenyeji wa leo, na mkondo unajilisha wenyewe.

Je, Dodoma si kinyume cha hoja hii? Ilikua haraka bila kuwa na shangazi wengi. Historia yake, hata hivyo, inaonyesha ugumu. TANU iliamua makao makuu yahamie huko mwaka 1973, ikaundwa mamlaka ya kuustawisha mji, na kwa zaidi ya miongo minne wizara nyingi ziliendelea kubaki pwani. Mji ulichangamka zaidi baada ya Chuo Kikuu kuanzishwa mwaka 2007 na amri ya 2016 kutekelezwa, na waliotangulia hawakuchagua: walipangiwa kituo au chuo. Mtumishi wa umma anafikia kwa mwajiri wake. Ni baada yake tu ndipo wanakuja fundi, mamalishe na mdogo wake mtumishi. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, hata mtumishi mwenyewe anaweza kuacha familia Kimara na kuiona mwisho wa wiki, na sensa ijayo italazimika kuamua imhesabu wapi.

Serikali imewahi kujaribu kinyume chake, yaani kuwaondoa watu mjini. Operesheni ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwakamata wasio na kazi rasmi Dar es Salaam na kuwarudisha vijijini. Wengi walirejea, kwani jamaa zao hawakuwa wameondolewa.

Pingamizi moja lina uzito: takwimu za kaya za Kagera zilizotumika hapa zinaishia 2010, kabla simu janja hazijaenea. Leo kijana wa Ngara anaweza kuona bei za vyumba vya Arusha akiwa amekaa barazani. Ni sawa, lakini habari si malazi. Simu imemrahisishia kumtafuta mwenyeji. Kodi ya miezi sita ipo palepale. Kama utafiti mpya utaonyesha kuwa vijana wasio na ndugu wanaenda majiji ya mbali kwa wingi uleule wa wenye ndugu, hoja ya makala hii itakuwa imeanguka.

Hadi hapo, yapo mawili ya kufanya. Ofisi ya Taifa ya Takwimu itoe hesabu za Dar es Salaam pamoja na wilaya za Pwani zinazopakana nayo, ili mijadala ya miji isiendeshwe na mipaka ya utawala. Na Bunge litazame upya suala la kodi ya mkupuo. Sheria inayomruhusu mpangaji kulipa mwezi kwa mwezi, ikisimamiwa kweli, huenda ikabadilisha ramani ya uhamaji Tanzania kuliko majengo yote ya Mji wa Serikali pale Mtumba, kwa kuwa ingempa kijana asiye na mwenyeji uwezo wa kujaribu Mbeya, Tanga au Dodoma.