Nguo ya Daktari na Taka za Upasuaji

Msomaji, si mbali na mitaa ya Majengo, kisiwani Mombasa, ipo hospitali kuu ya Pwani. Humo wagonjwa hupasuliwa, na kila upasuaji huacha taka: glavu, shashi, sindano, plastiki na makaratasi. Wengi hudhani kwamba taka hizo ndizo bei ya usafi. Historia yatufundisha vingine.

Zamani daktari alipasua hali amevaa koti lililoganda damu, na wagonjwa wengi walikufa kwa vidonda kuoza. Mwaka 1867 Joseph Lister, aliyekuwa daktari huko Glasgow, alieleza jinsi ya kuua vijidudu vya vidonda kwa asidi ya kaboliki. Mwaka 1879 Mfaransa Charles Chamberland akaunda chombo mfano wa sufuria yenye kifuniko cha kukazwa, ambamo mvuke hushindiliwa hata joto likapita lile la maji yachemkayo. Katika nyuzi 121 za Selsiasi, kwa muda wa robo saa au zaidi, vijidudu hufa. Basi kanzu na shuka za kupasulia zikawa hufuliwa, zikapikwa kwa mvuke na kutumiwa tena. Hata glavu za mpira, alizozianzisha William Halsted huko Baltimore karibu na mwaka 1890, zilisafishwa na kuvaliwa tena.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili plastiki ikawa rahisi, na viwanda vikatengeneza vitu vya kutumiwa mara moja. Usidhani jambo hili lilikuwa baya tupu. Sindano isiyosafishwa sawasawa hueneza maradhi, na UKIMWI ulipotokea katika miaka ya 1980 hatari hiyo ilidhihirika. Sindano haina budi kutupwa. Kosa lilikuwa kuifanya kanzu sawa na sindano.

Kosa la pili ni kuchanganya. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa asilimia 85 ya taka za hospitali hazina hatari kuliko taka za nyumbani. Lakini karatasi safi ikitiwa katika mfuko mmoja na shashi yenye damu, zote huhesabiwa za hatari, zikachomwa. Na plastiki nyingine zikichomwa kwa moto hafifu hutoa moshi wenye sumu. Kisiwa nacho ni kidogo: kwa miaka mingi taka za Mombasa zilirundikwa Kibarani, ukingoni mwa bahari, mpaka jaa lile likafungwa.

Mwaka 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya dukani, na wengi wakarudia vikapu na mifuko ya nguo. Hospitali nayo yaweza kurudia kanzu ya kitambaa, iliyofumwa barabara isipenywe na damu. Kazi hiyo yataka maji, umeme na mafundi. Mashine ya mvuke ikiharibika, kanzu ya kutupa ndiyo imkingayo mgonjwa. Huenda wewe usomaye ukawa muuguzi, au fundi wa mashine hiyo. Siku hiyo ikumbuke methali ya wazee: usiache mbachao kwa msala upitao.