Komba wa gramu 60 na msitu wa Pande

Kaskazini-magharibi mwa Dar es Salaam, nyumba zimeshasogea hadi jirani na Pande, kipande cha msitu wa pwani cha kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 1990 kilipandishwa hadhi kutoka hifadhi ya msitu kuwa pori la akiba.

Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 tu, mdogo kuliko komba wote wanaojulikana. Yuko hatarini kutoweka duniani. Yupo pia Zaraninge, ndani ya Hifadhi ya Taifa Saadani, upande wa Bagamoyo.

Tatizo ni mkaa na kuni. Msitu ukifyekwa, komba huyu hawezi kukatiza mashamba na viwanja vya watu kutafuta msitu mwingine. Zaraninge ni mbali, hata kwa bodaboda.