Fedha kama Akiba katika Delta ya Tana

Katika vijiji vya Wapokomo vya Tana ya chini, kikiwamo Hewani karibu na Garsen, mali ilikuwa hasa shamba la mpunga na migomba lililorutubishwa na mafuriko, na kwa majirani zao Waorma ilikuwa ng'ombe. Lakini mpunga huoza na mifugo hufa kwa ukame, ilhali fedha hudumu. Pwani ya jirani, tangu Lamu hadi Zanzibar, akiba ya fedha katika karne ya 19 ilikuwa reale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780, yenye uzito wa gramu 28 hivi na fedha halisi sehemu 833 kwa 1,000, chini ya kiwango cha sterling, yaani 925. Sonara aliweza kuiyeyusha akafua vikuku na mikufu, hivyo pambo la mwanamke likawa pia hazina yake, ambayo ingeuzwa kwa uzani siku ya shida. Baadaye rupia ya India, yenye fedha karibu sehemu 917, ilienea, na serikali ya kikoloni ikadai kodi ya nyumba kwa sarafu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutolewa mwaka 1921, ilikuwa na fedha sehemu 250 tu. Tangu hapo thamani ya sarafu ilitegemea zaidi amri ya serikali kuliko madini yake, na aliyetaka akiba ya fedha halisi alikuwa na sababu njema ya kuthamini mapambo ya zamani.